Chepeo, Akala na Kivuli cha Ewoi

Wapagazi waliliona ziwa tarehe 6 Machi 1888, wakalishukia mbio huku wakipiga makelele ya furaha. Wengi wao walikuwa watu wa Pangani na Unguja, wametembea siku na siku juu ya mawe meusi ya volkano, koo zimewakauka. Waliotangulia walichota kwa viganja, wakanywa, wakakunja nyuso. Yalikuwa maji ya magadi.

Mkuu wa safari hiyo alikuwa Sámuel Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, pamoja na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, ambaye ndiye aliyeandika habari zake. Ziwa walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf; jina la Turkana lilikuja kuwekwa rasmi mwaka 1975. Ila kabla ya ziwa, aliyewafaa sana njiani ni Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe za ndovu kutoka Pangani, aliyezijua njia za misafara ya Waswahili hadi Baringo na mahali pa kununua chakula. Kupita hapo, ujuzi wake ulikuwa umefika ukingoni. Huko mbele walihitaji mwalimu mwingine, na hawakuwa naye.

Tangu siku hiyo nchi iliyo magharibi mwa ziwa imepokea wageni wa kila namna: askari, mabwana shauri, wafungwa wa siasa, mapadri, wataalamu wa samaki, wakimbizi, walimu kutoka Kakamega na Kisii. Karibu kila kundi lilikuja na mawaidha yake tayari, yameandikwa kwingine na watu wa kwingine. Mawaidha yaliyofaa yalikuwa palepale, kwa mama anayechimba maji na mzee aliyelala kivulini. Tofauti kati ya aliyekaa na aliyekimbia, mara nyingi, ilikuwa kuuliza.

Si nchi ya kukisia. Lodwar iko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, nayo huja kwa hasira ya saa mbili kisha ikapotea miezi. Vitabu vya Ulaya vya karne ya 19 vilipozungumzia kuhamia nchi za joto vilikuwa na picha ya msitu, mvua na homa. Turkana ina homa, lakini msitu wake ni mstari mwembamba wa miti kando ya mto, na mto wenyewe mara nyingi ni mchanga.

Aliyelipa gharama kubwa kuliko wote kwa kutojua hayo ni Meja Herbert Austin. Alitoka Omdurman, Sudan, mwishoni mwa 1900, akiwa na askari wa Kisudani na maafisa wachache wa Kiingereza, atafute mpaka kati ya nchi walizozidai Waingereza na Ethiopia, kisha ateremke hadi Mombasa. Chakula kiliwaishia walipokuwa upande wa magharibi wa ziwa. Walichinja ngamia na punda wao mmoja mmoja. Wengi wa watu wake walikufa kwa njaa na maradhi kabla ya kufika Baringo mwaka 1901, naye Austin aliugua kiseyeye hata akakaribia kupofuka. Jambo la kusikitisha ni kwamba walikuwa wakipita katikati ya wafugaji waliokuwa hai na wenye afya, wanaoishi kwa maziwa, damu, nyama na matunda ya porini. Ila kati ya msafara wenye bunduki na wenyeji palikuwa na uhasama, na mwenye uhasama haulizi njia ya kisima. Kwa Kiturkana neno emoit hutumika kwa adui na kwa mgeni pia.

Serikali ya kikoloni iliingia kwa bunduki vilevile. Mwaka 1918 ilifanya vita vilivyojulikana kama Doria ya Labwor, mifugo mingi ya Waturkana ikatekwa, na baadaye Lodwar ikawa makao ya utawala. Afisa aliyepangiwa huko alifungasha kama alivyoshauriwa Uingereza: kwinini, chandarua, fulana za sufi, na chepeo. Hiyo chepeo ina kisa chake. Madaktari wa enzi zile waliamini kwamba jua la nchi za joto lina miale inayopenya fuvu la Mzungu na kumharibu akili, hivyo kutembea bila chepeo hata dakika tano kulionekana ni wazimu. Wengine walivaa na kitambaa kinene cha kukinga uti wa mgongo, katika joto la nyuzi 35! Imani hiyo haikuuawa na hoja ya daktari yeyote. Iliuawa na Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kizungu kwa maelfu walipopigana vifua wazi chini ya jua lilelile wasipatwe na wazimu. Vita hivyo vilifika hata Turkana: Lokitaung, kaskazini mwake, ilikuwa kambi ya jeshi dhidi ya Waitaliano wa Ethiopia mwaka 1940.

Mwenyeji alikuwa na majibu yake ya jua hilohilo, na yafaa kuyatazama kwa karibu. Miguuni, akala: viatu vya mpira wa gari kuukuu, vinene, visivyotobolewa na mwiba wa mti wa ewoi. Mkononi, fimbo na ekicholong, kigoda kidogo cha mti chenye kalio la mviringo. Mwenye nacho hukikalia mchana ili asiguse mchanga unaounguza. Usiku hulaza shingo juu yake, kichwa kikaning'inia juu ya ardhi wanakopita nge, na zamani kililinda nywele zilizosukwa na kupakwa udongo wa rangi zisivurugike. Kitu kimoja, kazi tatu, uzito wa kikombe. Nyumba, akai, hujengwa na wanawake: fito zilizopindwa kama kikapu kilichofunikwa, juu yake majani ya mkoma. Upepo hupita ndani, jua hubaki nje. Ukiiweka kando ya nyumba ya bati iliyojengwa jirani, hutahitaji kipimajoto.

Na saa. Turkana hufanya kazi alfajiri na jioni. Kuanzia saa nne na nusu hivi hadi saa kumi watu huwa chini ya mti, na mgeni aliyetoka nchi za baridi huona uvivu. Baada ya wiki mbili za kukimbizana na ofisi saa saba mchana, naye huwa chini ya mti.

Kwa miaka mingi hakuna mgeni aliyeingia Turkana kwa kupenda kwake. Ilikuwa wilaya iliyofungwa, na aliyetaka kuingia alihitaji kibali cha serikali. Ndiyo sababu ilifaa kuwa gereza. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, Jomo Kenyatta, Paul Ngei, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba na Fred Kubai walipelekwa Lokitaung. Wengi wao walikuwa watu wa nyanda za baridi, waliozoea ukungu wa asubuhi. Kenyatta, kwa sababu ya umri, hakuwekwa kwenye kazi ngumu. Akawa mpishi wa wenzake. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alifungwa hapo pia, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kulalamikia hali yao ilivuka kuta, ikachapishwa na gazeti la The Observer la London. Mwezi huohuo Jaramogi Oginga Odinga akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema hao ndio viongozi wa nchi.

Aprili 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, si mfungwa tena bali mtu aliyewekewa mipaka, na mkewe Ngina akaruhusiwa kuishi naye. Alikaa miaka miwili katika nyumba ndogo ya serikali. Machi 1961 ujumbe wa viongozi wa vyama vya KANU na KADU uliruka hadi huko kuonana naye. Aprili akapelekwa Maralal, penye baridi, na Agosti akaachiliwa. Wakoloni walidhani wamempeleka mwisho wa dunia.

Mwaka huohuo wa 1961 ukame ulileta njaa kali, na njaa ikafungua mlango. Wamisionari, waliokuwa wamezuiwa, waliruhusiwa kuingia na chakula: mapadri wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland, na kanisa la AIC upande wa Lokori. Walikuja kwa muda, wakakaa. Lodwar ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwaka 1978, askofu wake wa kwanza akiwa John Mahon. Hawa ni kati ya wageni wachache waliojifunza Kiturkana kwa bidii, na inasemekana hata sasa baadhi ya wazee hulinganisha mahubiri yao na ya vijana wanaohubiri kwa Kiingereza na mkalimani. Madaktari nao walijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha safari: Turkana ilikuwa na mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa uvimbe wa maini unaotokana na minyoo ya mbwa. Shirika la afya la AMREF lilianzisha mpango wa kuukabili mwaka 1983. Mawaidha yakawa mafupi kuliko yote: osha mikono, mbwa asilambe mtoto wala sufuria. Safari hii mgeni alikuwa na la kumwambia mwenyeji, na ni haki kulisema hilo pia.

Kalokol ni habari nyingine. Pale kando ya ziwa Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpango ulionekana safi: ziwa limejaa sangara na ngege, wafugaji wamepoteza mifugo kwa ukame, basi wawe wavuvi, na samaki auzwe mbali akiwa barafu. Hawakupiga hesabu ya joto. Kumtoa samaki kwenye nyuzi 35 hadi chini ya sifuri kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na Kalokol haikuwa na kimoja wala kingine. Mitambo iligandisha samaki siku chache ikazimwa. Kisha Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakizaliana ngege, ikakauka katikati ya muongo huo. Kenya ilipovunja uhusiano na Norwei mwaka 1990, wataalamu wakafunga mizigo. Jengo likaja kutumika kuhifadhi samaki waliokaushwa juani, njia iliyokuwapo kabla ya kiwanda na isiyodai umeme. Kwa Waturkana wengi uvuvi ulikuwa kazi ya asiye na mbuzi. Aliyepata fedha ya samaki alinunua mbuzi, akarudi nyikani, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu.

Yote hayo yalihusu wageni kwa mamia. Kakuma ilileta makumi ya maelfu.

Kwanza, jina. Waandishi wengi wa Kizungu wamerudia kwamba Kakuma, kwa Kiswahili, maana yake ni "mahali pasipo popote". Msomaji wa Kiswahili amekwisha kucheka. Hakuna neno kama hilo, na neno la Kiswahili lililo karibu nalo haliandikwi magazetini. Kakuma ni jina la wenyeji, mji mdogo kando ya Tarach, laga, yaani mto wa msimu, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar kwenye barabara ya Lokichoggio, na ulikuwapo kabla ya hema la kwanza la wakimbizi. Lakini uongo huo una faida yake: unaonyesha jinsi mgeni anavyoiona nchi kuwa tupu kabla hajaisalimu.

Kambi ilianzishwa mwaka 1992. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Ethiopia mwaka uliotangulia, maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliokuwa kambini huko walikimbia, wakavuka Mto Gilo wengine wakizama, wakapita Kapoeta hadi wakaingia Kenya. Ulimwengu uliwaita Wavulana Waliopotea. Wengi walikuwa Wadinka na Wanueri, watoto wa wafugaji wa ng'ombe, na hapo ndipo palipo na kinaya cha Kakuma: waliingia katika nchi ya watu wanaopenda ng'ombe kama wao, wakakatazwa kufuga ng'ombe. Hofu ilikuwa ugomvi wa malisho na wizi wa mifugo. Mtoto aliyekuwa akitambuliwa kwa rangi ya fahali wa baba yake sasa alitambuliwa kwa kadi ya posho.

Hilo la ng'ombe lilikuwa somo la kwanza; la pili lilikuwa kuni. Mkimbizi aliona miti kando ya laga, hakuona ua wala kibao, akakata. Alichokuwa hajaambiwa ni kwamba miti hiyo ina wenyewe. Waturkana huiita ekwar: kipande cha msitu wa ukingoni ambacho ni cha familia fulani, pamoja na kivuli chake na maganda ya ewoi yanayolishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Mgeni akiomba, hupewa. Akichukua bila kuomba, ameiba akiba ya njaa ya mwaka ujao. Kisima cha mchangani nacho kina mwenyewe: ni cha aliyekichimba. Mama huanza na shimo la kina cha goti, kiangazi kikizidi likawa refu kuliko yeye, akasimama chini akimpitishia binti yake maji kibakuli kwa kibakuli. Anayefika na dumu lake bila salamu anakata foleni ya miezi. Ugomvi mwingi wa miaka ya kwanza ya Kakuma, baadhi yake wa kumwaga damu, ulianzia kwenye kuni na maji, na wanawake ndio walioumia zaidi. Mashirika yakaja kuwapa Waturkana kazi ya kuleta kuni za kugawiwa kambini, jambo ambalo mzee yeyote wa Tarach angelishauri siku ya kwanza.

Laga lenyewe lilifundisha la tatu. Tarach hukauka karibu mwaka mzima, likawa uwanja mweupe wa kuchezea mpira. Mvua ikinyesha milimani, maili nyingi kutoka hapo, maji huja yakinguruma chini ya mbingu isiyo na wingu. Zaidi ya mara moja yamebomoa nyumba za wakimbizi waliojenga palipoonekana pazuri, tambarare na pasipo mtu. Hapakuwa na mtu kwa sababu.

Ajabu ni kwamba Kakuma pia imekuwa shule ya kuhamia nchi za baridi. Kuanzia mwishoni mwa 2000, wavulana wale wapatao 3,800 walichukuliwa na Marekani. Mwaka 2002 Wasomali Wabantu waliletwa kwa mabasi kutoka Dadaab, ng'ambo ya pili ya Kenya, wakafanyiwa mahojiano hapo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliwafundisha darasani: jiko la umeme, choo cha kuvuta maji, theluji, saa ya kuwahi kazini. Nje ya darasa, mbuzi wamejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta. Mtu aliyechukua miaka kumi kuzoea Turkana alipewa siku chache kuijua Arizona au Vermont.

Waliobaki na waliofuata wamejenga mji. Baada ya vita kurudi Sudan Kusini mwishoni mwa 2013, nafasi ikaisha, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa mwaka 2016 kwa nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji pamoja. Leo sehemu hizo mbili zina zaidi ya watu robo milioni. Mwaka 2015 posho ya nafaka ilianza kubadilishwa kuwa fedha ya simu iitwayo Bamba Chakula, na ripoti ya 2018 ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilikadiria soko la Kakuma kuwa la shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Wasomali wana maduka, Wahabeshi wana hoteli za injera, na Wakongo wa Kivu wamechimba bustani ndogo nyuma ya nyumba, wakizinywesha maji ya kuoshea vyombo ili wapate lengalenga na sombe. Kiswahili chao, cha Bukavu na Uvira, kimekutana na cha Lodwar sokoni, na wote hubishana bei bila mkalimani. Mgeni njoo mwenyeji apone: Mturkana anayeuza makaa na mbuzi kambini anaijua methali hiyo hata kama hajaisikia. Anajua pia kwamba mtoto wa mkimbizi aliwahi kupata shule na zahanati kabla ya wake, na hilo nalo halijasahauliwa.

Kuna mgeni mwingine asiyejiita mgeni. Mwalimu au polisi anayetoka Kitale au kusini zaidi huja na barua ya kazi na marupurupu ya mazingira magumu, na wenyeji wa Lodwar, wakimwuliza habari za kwao, zamani walimwuliza habari za Kenya. Barabara ya lami imefupisha safari iliyokuwa ya siku mbili na msafara wa askari, kaunti ikaanza 2013, mafuta yaliyogunduliwa 2012 yakapandisha bei ya ardhi. Maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi, yaliyotangazwa 2013 kwa shangwe, yalipochimbwa yalikutwa na chumvi, kama yale waliyoyanywa wapagazi wa Teleki.

Viwanja vinauzwa sasa hadi kwenye ukingo wa Kawalase, laga linalopakana na mji wa Lodwar. Mwenye nia ya kujenga huko, au Kakuma kando ya Tarach, kabla hajalipa amtafute mama anayechunga mbuzi karibu na kiwanja, amsalimu kwa "ejok", amwulize maji yalifika wapi mara ya mwisho. Ataonyeshwa kwa kidole.